Kina cha Kumwachia Mwenzio

Mtunzi aliyekomaa huanza na mwisho. Kabla hajajua ubeti wake utasema nini, huwa ameshakipata kituo, yaani ule mshororo wa nne ambao wasikilizaji wataupokea na kuuitikia. Akiwa nao mkononi ndipo anapopanda juu kutafuta mishororo mitatu ya kumfikisha pale. Anayeanza na wa kwanza hufika wa tatu akiwa amevimaliza vina vyote vitamu, na kituo chake kikawa cha kuokoteza. Sikiliza mashairi ya kujitungia watu, yale ya harusini au ya kumuaga mwalimu anayestaafu, nawe utawatambua watunzi hawa wawili bila kuambiwa.

Naandika haya nikiifikiria Voi, mji ambao si wengi wangeutaja wakiulizwa ushairi wa Kiswahili unakaa wapi. Wangetaja Lamu, Pate, Mvita, Pemba, Tanga. Voi hutajwa kwa ndovu wekundu wa Tsavo, kwa mkonge, kwa vumbi, na kwa malori yanayopumzika kati ya Mombasa na Nairobi. Lakini mji wa njia panda huokota katika kila kinachopita. Reli ilifika hapa kutoka Mombasa katika miaka ya 1890. Tawi la kwenda Taveta likachepuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Treni mpya ikaanza kusimama mwaka 2017. Kila njia ilileta makarani, walimu, mafundi na wachuuzi pamoja na jamaa zao, na kila aliyekuja alikuja na maneno yake. Ndiyo maana nyumba moja ya Voi inaweza kuwa na nyanya anayeongea Kidawida cha vilima vya Taita, baba aliyekisomea Kiswahili ili apasi mtihani, mama mzaliwa wa Mombasa, na watoto wenye Kiswahili chao cha mtaani. Nyumba ya namna hiyo ina masikio ya kila aina, na shairi ni kazi ya sikio.

Tarbia ya kawaida haina siri. Kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani nane. Ukwapi una kina chake na utao una chake. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutajia haya yote akiwa nusu usingizini, kwa kuwa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE humtaka ayataje. Kuyasikia ni jambo jingine. Wapo waliopata alama nzuri katika swali la ushairi na hawajawahi hata siku moja kutunga ubeti wa kumtania dada.

Kuhesabu mizani huonekana kazi ya karani mpaka uijaribu. Njia ninayoipenda ni ya vidole bila gumba: vinne mkono huu, vinne mkono ule, vikiisha kukunjwa ukwapi umetimia. Hapo ndipo ulimi unapoanza kukuumbua. "Ndoo" ni mizani mbili, ila anayeongea kwa haraka husikia moja. "Mtu" ni mbili, kwa kuwa ile m imesimama peke yake. "Mwana" nayo ni mbili, ingawa herufi zimezidi, kwa kuwa hapo m imeegemea w. Voi yenyewe ni mizani mbili, Vo na i, hata kama makanga wa matatu huipigia kelele kwa pumzi moja. Wundanyi ni tatu, Mwatate tatu, Kasigau nne. Maktau huleta ubishi. Wapo watakaohesabu tatu, na wapo watakaoisimamisha ile k peke yake ziwe nne, kama wanavyoifanyia "maktaba". Na "stesheni" nayo? Iulize mezani jioni moja, kisha uone kama chai haitapoa.

Katika ubishi huo asiyejua kusoma mara nyingi humshinda aliyesoma. Yeye haoni herufi za kumchanganya, husikia tu pale sauti inapokanyaga. Nyanya anayepigapiga paja lake kwa kiganja huku mjukuu akisoma atajua mshororo umepungua mizani kabla mjukuu hajamaliza kukunja vidole. Hatasema "imepungua mizani". Atasema, "Rudia hapo," kisha "Rudia tena," mpaka mjukuu asikie mwenyewe.

Upande wa vina, Kiswahili kimempa mvivu zawadi kubwa: -ni. Nyumbani, njiani, moyoni, shuleni, lini, nani, kwa nini. Ukikishika kina hicho hutakwama, na msikilizaji hatakukumbuka. Fundi hukaza kamba. Badala ya kuridhika na -ni hujidai -ani kwa -ani mpaka mwisho, ili silabi mbili ziitikiane, na hapo nusu ya maneno aliyokuwa nayo humtoka. Mchujo huo ndio unaolizaa shairi. Maneno yaliyokuja yenyewe yakishaondoka, hubaki yale ambayo mtunzi asingeyawaza kama kina kisingemlazimisha.

Tuutunge ubeti mmoja hapa tuone. Mada tuichukue nyumbani: maji. Chemchemi za Mzima zimo katika Tsavo Magharibi, kaunti hii hii ya Taita Taveta. Mvua ya Milima ya Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkeno na kutokea pale ikiwa imechujika, kisha sehemu yake huingizwa kwenye bomba na kusafirishwa zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Kaunti imelalamikia mgao huo kwa miaka mingi. Kwenye baraza la siasa, lalamiko kama hilo huwa hotuba ya saa nzima. Kwenye ubeti wa tarbia linapata mizani 64 tu, basi. Tuanze na kituo, kama ilivyo ada: nataka mtu wa Voi ayaage maji kama anavyomuaga msafiri. "Nendeni maji salama, mkafike Makupani." Nane na nane. Makupa ndipo njia inapovukia kuingia kisiwa cha Mombasa, kwa hiyo maji yamepewa hata kituo cha kushukia. Sasa tupande juu:

Maji yatoka Mzima, yapita hapa nyumbani,
Nami kwa kiu nahema, ndoo yangu mkononi,
Tangu jana nasimama, jicho langu li bombani,
Nendeni maji salama, mkafike Makupani.

Mwalimu angeupa alama zote: mizani imetimia na kina cha -ni kimefuatwa. Lakini sikio linakwaruzwa pale kwenye "mkononi", katikati ya nyumbani, bombani na Makupani. Tukaze: "na ndoo yangu kichwani." Mizani ni nane bado, kina sasa ni -ani kotekote, na tumepata tusichokitafuta. Ndoo imepanda kichwani, mahali ndoo inapokaa hasa ikiwa imejaa. Kumbe hii ni tupu, na mwenyewe amekwisha kuitwika. Uchungu wa ubeti umehamia kwenye neno moja, na aliyeuhamisha ni kina.

Na ukwapi je? Mzima, nahema, nasimama, salama: zinakutana kwenye -ma tu, -ima, -ema na -ama hazijafanana. Ningeweza kukaza huku pia. Nimeacha kwa makusudi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana ndipo ufundi wa nyumbani unapotengana na ule wa jukwaani.

Desturi ya malumbano ya mashairi ni kwamba anayejibu huifuata bahari ile ile, yaani umbo lile lile, na akitaka kujionyesha hufuata hata vina vile vile. Kwa hiyo mtunzi anapochagua kina, anamchagulia na mwenzake. Jukwaani huchagua kina kigumu ili mpinzani akwame. Nyumbani hupima kina kwa mtu atakayejibu: mtoto wa miaka tisa mpe -ma au -ka, ana maneno hayo tele, kaka aliye chuo kikuu mbane kwa silabi mbili kotekote, babu anayejiona bingwa mpe -gha, aende nayo akalale nayo. Ubeti uliokazwa pande zote huvutia, lakini wakati mwingine huwa mlango uliofungwa. Mtoto akiusoma atasema ni mzuri, kisha ataondoka. Ukimwachia upenyo kwenye ukwapi, ataona pa kuingilia. Sijui ustadi mwingine wa maneno ambao heshima kwa msikilizaji hupimwa waziwazi hivi, kwa silabi.

Watu wakitaja ushairi wa familia huanza na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima ule utendi mashuhuri mnamo 1858. Au hutaja Shaaban Robert, aliyemtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Nazistahi kazi hizo. Ila ni wosia, na wosia hauketi kungoja jibu. Mzazi husema, mtoto hupokea na kuhifadhi. Raha ninayoisema mimi ni ya kupigiana mpira.

Raha hiyo ina nyumba yake maarufu, nayo imo Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kilomita kama 150 kutoka Voi ukiteremka na reli. Huko walitoka ndugu watatu: Sheikh Abdilahi Nassir, mwanazuoni aliyeshiriki pia siasa za kuelekea uhuru, Ahmad Nassir, aliyejulikana kama Ustadh Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya 1971, na Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa 1946. Abdilatif alilelewa utotoni na babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, mshairi naye. Binamu yao, Juma Bhalo, hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta maneno ya kuimba: nyimbo zake nyingi zilitungwa na Ahmad Nassir, naye akazitia sauti iliyosikika pwani nzima. Mmoja anapima mizani, mwingine anaitafutia mahadhi. Mtunzi aliyelijua koo la mwimbaji wake aliweza kujua ni wapi pumzi yake ingekata na ni irabu gani ingemnogea kuivuta.

Mwaka 1968 Abdilatif alitoa karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, akashtakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu, mpaka 1972. Alifungwa peke yake, akatunga kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakachapwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kinachonivutia zaidi humo ni shairi la mnazi, ambamo Alii na Badi wanagombania mti mmoja, huyu akisema na yule akijibu, ubeti kwa ubeti. Tafsiri zake za kisiasa zimeandikwa na wengi. Mimi nastaajabia jambo dogo tu: mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye alitunga mazungumzo. Alibeba pande zote mbili, akampa kila mmoja hoja nzito na kina cha kujibia. Sikio lililokulia katika nyumba ya majibizano lilijitengenezea mjibu hata ndani ya kuta nne.

Turudi vilimani, maana Wadawida hawakungoja tarbia ipande reli ndipo waonje utamu wa maneno. Habel Kifoto, mwenyeji wa Taita, aliimba Charonyi ni Wasi kwa Kidawida akiwa na Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi, na mpaka leo wimbo huo huimbwa kwa sauti na Wakenya wasiojua neno la pili la lugha hiyo. Fadhili William, ambaye jina lake la ukoo, Mdawida, linatosha kukueleza kwao ni wapi, anakumbukwa kwa rekodi yake ya Malaika. Nyimbo za vilimani hufuata mwendo wa ngoma na mguu, hazikunjiwi vidole. Lakini mtoto aliyelala mgongoni mwa nyanya yake huku nyimbo hizo zikiimbwa anakuja kwenye mizani na mapigo mwilini. Somo la mwalimu humpa majina ya kitu anachokijua.

Shule nazo zina sehemu yao, na si ndogo. Tamasha la Muziki la Kenya lina vitengo vya ukariri wa mashairi ya Kiswahili, na ukipita karibu na shule ya Voi, Mwatate au Wundanyi majira ya mazoezi utawasikia watoto wakirudia kibwagizo mpaka ndege wa mtini wakijue. Nina neno moja tu na wakufunzi: mikono ipungue. Si lazima kila "moyo" uguswe kifuani na kila "machozi" yafutwe kwa kidole. Mtoto huyo huyo akija kulikariri shairi nyumbani, ameketi, mikono imetulia, utashangaa lilivyo zuri.

Wengine watauliza kwa nini nashikilia vina wakati ushairi huria una nusu karne na zaidi. Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954; mshairi Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi 1974 alionyesha kwamba shairi zito linaweza kusimama bila hizo. Ugomvi ule umeandikiwa vitabu, sina la kuuongezea. Katika sebule yenye watoto, hata hivyo, sheria ni rehema. Mtoto anajua lini amemaliza, anajua lini amekosea, na anaweza kumsahihisha baba yake bila kukosa adabu, kwa sababu anayemsahihisha baba ni hesabu ya vidole.

Ruhusa za mtunzi zipo pia: kufupisha neno, kulirefusha, kupindua mpangilio. Shuleni hufundishwa kama orodha, na wanafunzi huzitumia kama punguzo la bei. Fundi huiomba ruhusa mara moja katika shairi zima, na huiomba mahali ambapo sikio litamsamehe kwa furaha.

Basi ubeti wetu wa maji tuutume. Siku hizi hauhitaji posta. Unapigwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa sauti, maana ubeti usiosikika ni nusu ubeti. Tuseme aliyeutuma ni binti wa Voi, na aliyeupokea ni mama yake mkubwa aliye Mombasa. Mama mkubwa ana sababu ya kujibu: Mombasa nako mifereji hukauka, na anayelaumiwa kwa maji asiyoyapata hawezi kunyamaza. Atafuata -ma na -ani. Nami namtungia jibu lake hivi:

Maji huku si daima, huja usiku manani,
Twakesha tukisimama, madumu yetu njiani,
Acha mwanangu lawama, sisi nanyi tu shidani,
Yakipita chota hima, usiyaache bombani.

Itazame kazi ya mikono yake. "Usiku wa manani" una mizani moja ya kuzidi, akaiangusha ile "wa". Ruhusa ameiomba mara moja tu, na mahali ambapo kila mtu anajua kilichoanguka. "Nasimama" ya binti ameigeuza "tukisimama", ya watu wengi, akampunguzia upweke na hoja kwa pamoja. Kisha "bombani", neno ambalo binti alilitumia kulalamika, amelipeleka kwenye kituo na kulifanya amri. Binti alitazama bomba. Mama mkubwa anamwambia achote. Hakuna neno jipya hata moja la kumshinda nalo. Amemrudishia lake.

Sasa zamu imerudi Voi, na nyanya aliyekuwa kimya anapendekeza kina kibadilishwe. Anataka utao uwe -nyi. Mama anacheka, maana ameshatambua mtego: Kidawida huweka -nyi pale Kiswahili kinapoweka -ni, na kwa hiyo vilima vyote hivi vimejaa kina hicho, Wundanyi, Ngerenyi, Mariwenyi, na vijitongoji ambavyo nyanya anavijua kwa majina na sisi tunavipita tukisinzia garini. Mama mkubwa ana "nanyi", ana "wenyi" na "penyi" za Kimvita chake, kisha maneno yatamwishia. Binti ananong'ona kwamba huo ni uonevu. Nyanya anasema ubeti mmoja tu, halafu atamrudishia -ani yake. Na wakati wanabishana, mama ameshachukua simu chumbani kumtahadharisha dada yake aanze kukusanya vijiji.